Mwaka wa Wote

Wanyama wa milima ya Uluguru walikuwa na chuo. Kilijengwa juu kidogo ya Magadu, pale mashamba ya mahindi yanapoishia na msitu unapoanza, na mtu akisimama mlangoni aliuona mji wa Morogoro wote chini yake. Wanafunzi walitoka kila upande wa mlima: mafuko wa Mgeta, perere wa Kinole, mbega wa Bunduki, ngiri wa mabondeni huko Mlali, na vinyonga wenye pembe tatu wanaoishi juu kabisa, kwenye misitu ya ukungu. Karo ililipwa kwa karanga na maharage.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyesomea kazi yake. Wote walikaa pamoja chini ya mkuyu. Fuko alijifunza maji yanakotoka na yanakokwenda, kwamba tone linalodondoka kwenye jani kule Bondwa huingia Mto Morogoro, likafika Ngerengere, Ngerengere ikalipeleka Ruvu, na kutoka Ruvu likaingia kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Mbega, ambaye maisha yake yote yako juu ya miti, alijifunza ardhi ni ya nani na hurithiwa vipi. Kinyonga alijifunza hesabu. Wote kwa pamoja walijifunza kusikiliza kesi hadi mwisho bila kumkatiza msemaji, kueleza jambo likaeleweka, na historia ya mlima pamoja na aibu zake. Mwaka huo waliuita Mwaka wa Wote. Mwaka wa pili ndipo kila mmoja alipokwenda kwenye fani yake.

Mzee Fuko, mwenyekiti wa baraza la chuo, hakuupenda mwaka huo hata kidogo. Hakuwa mnyama mbaya, na aliyoyasema yalikuwa na uzito. Kiangazi kimoja alisimama mbele ya wazazi akasema:

"Ndugu zangu, nimetoa magunia ya karanga ili mwanangu asome kuchimba. Amekuja likizo, namwuliza umechimba nini? Ananijibu, baba, tumejifunza kwa nini perere analia usiku. Haya, perere akilia usiku mimi nala nini? Masika yako njiani, udongo unashuka, wachimbaji hawatoshi. Tuwape watoto ujuzi, wamalize mapema, waingie kazini. Hayo mengine watayajua wakikua."

Wazazi walishangilia, na usidhani walikuwa wajinga. Mzazi anayejinyima ili mtoto asome ana haki ya kuuliza mtoto atarudi na nini mkononi. Swali hilo linaulizwa kila nyumba yenye mtoto chuoni, na anayeulizwa hana budi kulijibu kwa heshima.

Aliyepewa kazi ya kulijibu ni Mbega, mwalimu wa Mwaka wa Wote, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisimama, akajiweka sawa lile joho lake jeupe, akatoa bunda la majani makavu aliyoachiwa na babu yake, akaanza kusoma. Alisoma faida saba za elimu pana. Alikuwa amezisoma mwaka uliotangulia, na mwaka ule mwingine kabla ya huo, kwa sauti ileile, akigeuza jani kila wanafunzi wanapomaliza kunakili. Alipofika faida ya tatu, ngiri wawili walishasinzia. Kura zikapigwa. Mwaka wa Wote ukafutwa.

Sitawanyima sifa wahitimu wa utaratibu mpya. Walikuwa mafundi. Fuko wa miaka hiyo aliweza kukata mtaro kutoka upande mmoja wa mlima hadi mwingine usipinde hata kidogo. Ngiri aliweza kukuambia kwa pua tu udongo una unyevu kiasi gani. Tai alichora mlima mzima kutoka juu. Walimaliza mapema, na kazi zilikuwapo.

Kazi ya kwanza kubwa waliyopewa ilikuwa kuokoa miteremko ya Mgeta, upande wa Nyandira. Huko wanaishi nungunungu, wakulima wa siku nyingi. Mama Nungunungu wa huko hulima hivi: akipalilia, magugu hayatupi. Huyalaza mstari mmoja kukata mteremko, kisha huvuta udongo wa juu yake kidogo, akayafunika. Akipanda hatua mbili, hufanya tena vilevile. Majani yanaozea ndani na kurutubisha, na mlima unabaki na vingazi vifupi ambavyo msimu ujao huvunjwa na kupangwa upya. Ukivitazama kwa mbali unaweza kusema ni mikwaruzo tu.

Mafuko hawakuvitazama hata kwa mbali. Walikuja na kamba na vigingi, wakaagiza kila nyumba ya nungunungu itoe nguvu kazi asubuhi tatu kwa wiki, wakaanza kukata mlima kuwa majukwaa mapana yaliyolala sawa. Udongo mweusi wa juu, ambao pale haufiki kina cha kiganja, ukafukiwa. Ule mwekundu wa chini, usioweza kulea hata mchicha, ukaja juu kupigwa jua.

Mama Nungunungu mmoja aliwafuata. "Shikamooni wataalamu," akasema, ingawa wangeweza kuwa wajukuu zake. "Chini hapa pana mwamba, na maji yanateleza juu ya huo mwamba. Mkiyazuia juu, yatatafuta njia ndani. Na jambo la pili. Shamba hili ni la ukoo wa mama yangu. Huyu anayelima hapa tumempa alime, hatukumpa ardhi. Akijengewa kitu cha kudumu kama hiki, kesho ataniambia shamba ni lake. Nani ataamua kesi hiyo?"

Fuko kijana akamjibu kwa upole, maana hakukosa adabu: "Mama, hilo halimo kwenye kazi tuliyopewa."

Mwaka ule maharage yaliota ya njano. Masika yalipofika, majukwaa yalifanya hasa kile yalichokatwa kufanya: yalishika maji. Udongo ukalewa maji, ukawa mzito, na usiku mmoja upande mzima wa mlima ukatelemka juu ya ule mwamba, ukachukua mashamba na makazi ya nungunungu. Mto Mgeta ukabeba tope hadi Ruvu, na huko Dar es Salaam watu wakafungua mabomba wakapata maji mekundu.

Baraza likaita uchunguzi. Nataka msomaji akae kidogo kwenye kikao hiki, kwa sababu mimi naona ndicho kiini cha hekaya yote. Fuko kijana aliulizwa kama majukwaa yalikuwa na upana uliotakiwa. Yakapimwa upya, yakakutwa sawasawa. Ngiri aliulizwa kuhusu unyevu wa udongo, akatoa kumbukumbu zake, zote ni sahihi. Ramani ya Tai ikatandazwa chini, haina kosa. Kila shahidi alikuwa mkweli na kila kazi ilikuwa nzuri, na mlima ulikuwa umelala bondeni. Baraza lilitafuta mwenye kosa tangu asubuhi hadi alasiri lisimpate. Hakuna aliyekuwa amefundishwa kwamba kuuliza ardhi ni ya nani, na kwa nini nungunungu hulaza majani, ni sehemu ya kazi ya kuchimba.

Niache wanyama kidogo, maana jambo hili limewatokea watu, na limetokea kwenye milima hiihii.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha Uluguru mpango wa matumizi bora ya ardhi. Hofu yake haikuwa ya kubuni: msitu ulikuwa unakatwa na udongo ulikuwa kweli unashuka. Wataalamu waliamua kwamba dawa ni kukata milima kuwa matuta mapana ya ngazi, na Waluguru wakalazimishwa kuyachimba. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na ardhi yao hushikwa na ukoo. Matuta yale yalileta juu udongo usio na rutuba, yalikula siku za kazi, na yaligusa suala la nani mwenye shamba. Mgeta kulikuwa na vile vingazi vya majani nilivyovisimulia, ujuzi wa wenyeji wenyewe. Mwaka 1955 watu waligoma, na huko Matombo mgomo ukawa ghasia, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Chama cha TANU, kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kizaliwe, kilipata wanachama wengi katika milima hiyo.

Ninapofikiria elimu ya mtaalamu yeyote, wa kilimo, wa barabara, wa tiba au wa kompyuta, namfikiria yule mtu aliyekufa Matombo. Wataalamu wale hawakukosa sayansi ya udongo. Walikosa historia, sheria ya kimila, lugha ya mwenyeji na tabia ya kumsikiliza mwanamke mwenye jembe. Hivyo vyote ndivyo ambavyo mtu huviita masomo ya kujazia ratiba.

Sasa turudi barazani. Mzee Fuko aliona kikao kinaelekea kumlemea, akaamua kuita shahidi wake mkubwa, Bibi Panyabuku.

Kila mnyama wa Morogoro alimjua. Panyabuku ndio waliolifikisha jina la mji huu mbali kuliko kiumbe kingine chochote cha mlimani. Tangu mwaka 2000 hufundishwa kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa kazi ya shirika la APOPO, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya mmoja hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kutafuta chuma anaweza kutumia hadi siku nne, kwa sababu panya hashughuliki na misumari wala makopo, anafuata harufu ya baruti peke yake. Ni mwepesi, na bomu halilipuki akilikanyaga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akagundua huko mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022.

"Mtazameni huyu," Mzee Fuko akasema. "Amefundishwa harufu moja. Miezi kama tisa tu, akafuzu. Hakuna historia, hakuna mkuyu, hakuna perere anayelia. Na ukoo wake umevaa dhahabu ya Waingereza. Bibi, waambie."

"Shikamoo bibi," wanafunzi wakamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu," Bibi Panyabuku akasema. "Mzee Fuko amesema kweli, ila ameanzia katikati. Hiyo miezi ya harufu ilikuja baadaye. Sisi tukiwa wadogo, macho ndiyo kwanza yamefunguka, hatunusishwi baruti. Tunabebwa. Mtu anakuchukua mkononi, anakuweka begani, anakupitisha panapounguruma pikipiki na gari. Unawekwa kwenye nyasi zenye umande, halafu kwenye saruji, halafu kwenye udongo mkavu. Unasikia watu wanacheka, unasikia mlango unabamizwa. Unashikwa na mtu huyu, kesho na mwingine ambaye hana harufu ya yule wa jana. Hakuna anayekuuliza umejifunza nini leo, na hakuna ndizi inayotolewa kwa jibu sahihi. Baada ya hapo ndipo kinakuja kile kidude kinacholia tik, ndizi inafuata, na harufu inaanza."

Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia Fuko.

"Unajua kwa nini, mwanangu? Panya anayejua baruti na hajui dunia, ukimshusha kwenye shamba la Msumbiji, ukungu wa huko ni mwingine, nyasi ni nyingine, mtu anaongea lugha ambayo hajaisikia. Anaganda. Pua yake ni nzima, lakini hofu imeikalia. Mimi nilifanya kazi na harufu moja kwa sababu mengine yote yalikwisha kuwa ya kawaida kwangu. Usinitoe mimi kuwa ushahidi wa kufuta Mwaka wa Wote. Mimi ndiye mwanafunzi wake."

Ukumbi ulivuma. Fuko alijitetea vizuri, na nampa haki yake. Alisema kuzoea kelele si kusoma historia, na kwamba mlolongo ule ni wa kuondoa woga tu. Bibi Panyabuku hakukataa. Alisema panya haombwi kuamua bomu lichimbuliwe lini wala shamba arudishiwe nani. Hayo huamuliwa na wengine wanaomwongoza kwa kamba. Lakini fuko aliyepelekwa Mgeta hakuwa na mwongozaji mwenye kamba. Aliamua mwenyewe kwa niaba ya mlima mzima, na kwa hiyo alihitaji zaidi ya alichohitaji panya, wala si pungufu.

Hapo akasimama ngiri kijana, mhitimu wa utaratibu wa zamani, na neno alilolisema ni lile ambalo watetezi wa elimu ya jumla hatupendi kulisikia. "Bibi, tunakubali. Lakini sisi tuliusoma huo Mwaka wa Wote kabla haujafutwa. Tulikuwa ukumbi mzima, wa nyuma hawasikii. Mwalimu Mbega anasoma majani, tunanakili. Usiku wa kuamkia mtihani tunakariri faida saba, asubuhi tunazitapika, mchana tumesahau. Kama ndiyo huo unarudi, heri tukachimbe."

Kijana huyu anasema kweli, na anasema kwa niaba ya wengi wenye miguu miwili. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania amekutana na elimu ya jumla akiwa kidato cha tano, akaiita GS, kisha chuoni anakutana na Taaluma za Maendeleo, anaiita DS, pamoja na stadi za mawasiliano. Muulize mhandisi au daktari yeyote aliyemaliza juzi. Wengi watakuambia DS ilikuwa somo la kupita, la maswali ya miaka iliyopita yanayouzwa kwenye duka la fotokopi.

Haikuzaliwa hivyo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia kwa siku moja. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, walimu na viongozi walikutana Machi 1967 kujadili chuo kikuu ni cha nini katika nchi maskini inayojaribu kujitegemea. Kwenye mjadala huo, na mingine mikali iliyofuata, ndipo lilipokua wazo la somo la pamoja kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria au wa sayansi, lililokuja kuwa Taaluma za Maendeleo. Wapo waliolihofia kuwa mahubiri ya chama, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini swali lililolizaa lilikuwa hai: huyu tunayemsomesha kwa jasho la mkulima anamjua mkulima? Siku swali linapofishwa likawa faida saba za kukariri, somo limekufa hata kama bado limo kwenye ratiba. Mimi siungi mkono kulifuta. Naunga mkono kulirudishia swali lake, hata kama itabidi kupunguza ukumbi, kubadili mwalimu, na kutumia fedha.

Wanyama walifikia hapohapo kwa njia yao. Mwaka wa Wote ulirudishwa, lakini siyo ule. Majani ya babu yake Mbega yaliwekwa maktaba, kwa heshima, na Mbega mwenyewe akaagizwa akae Nyandira kiangazi kizima kabla ya kufundisha tena. Aliona aibu, akaenda. Mama Nungunungu akaitwa kufundisha, na baraza likabishana muda mrefu kama anaweza kuitwa mwalimu bila cheti, hadi perere mmoja mzee akauliza cheti cha Mbega kimezuia nini kuporomoka. Madarasa yakagawanywa yawe madogo. Ilibidi karo ipande kwa debe moja la karanga, na Mzee Fuko, aliyekuwa wa kwanza kulalamikia karanga, alipiga kura ya kukubali.

Mtihani nao ulibadilishwa. Hakukuwa tena na faida za kuorodhesha. Kila mwanafunzi alitumwa kwenye kazi isiyo yake, akatakiwa arudi na swali moja ambalo fani yake peke yake haiwezi kulijibu. Kinyonga alitumwa kwa wachimbaji. Ngiri alitumwa kwa nyuki, akarudi na uso umevimba na swali zuri kuhusu miti ya maua inayokatwa ili kupanua mashamba. Mtoto mwingine wa Mzee Fuko alitumwa kukaa kwenye mabaraza ya ukoo wa nungunungu, akisikiliza kesi za mipaka tangu asubuhi bila ruhusa ya kufungua kinywa.

Siku ya kuwasilisha alisimama mbele ya baba yake na baraza zima. "Swali langu ni hili," akasema. "Tukimchimbia mtu matuta kwenye shamba aliloazimwa, mlima ukapona, shamba linakuwa la nani?"

Mzee Fuko alimtaka arudie. Akarudia. Mzee akamwagiza katibu aliandike swali hilo kwenye kumbukumbu za kikao, akasogea kwenye benchi, na nafasi ya kwanza ya kujibu akampa Mama Nungunungu.